Pudini ya matabaka isiyookwa: Kyela inaganda, Mbeya mjini inatoa maji. Tatizo nini?

#1 Vikombe vya Kabwe
Wakuu, habari. Joto hili la Oktoba limewakumbusha watu wa Mbeya vitu vya baridi, na mimi nauza pudini za vikombe. Chini naweka biskuti zilizosagwa na kuchanganywa na siagi ya kuyeyusha, kati kastadi, halafu krimu, juu kabisa jeli ya tunda. Hakuna kuoka, ni kupanga na kuacha kwenye friji usiku kucha.

Vya pasheni vinatoka safi, kila tabaka linaonekana ukiangalia kwa pembeni. Kesi ni vya nanasi. Asubuhi ukifungua mfuniko jeli imekuwa uji, maji yameshuka mpaka kwenye biskuti, na kastadi ya katikati imelegea.

Sasa cha ajabu, mdogo wangu yuko Kyela. Anafuata maelezo yale yale, paketi nilimtumia mimi kutoka duka lile lile, na vyake vinaganda. Kyela, na joto lake mnalijua! Ingekuwa kinyume ningeelewa. Mnaotaka kuniambia ninunue friji mpya mtulie, friji ni mpya.

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje. Nimeshavuta kiti.

#3 Dar Mchana Kweupe
Mbeya kuna joto? Nyie mkivua sweta moja kati ya mawili mnatangaza kiangazi.

#4 Binti Mwakaleli
@Dar Mchana Kweupe, njoo usimame Mwanjelwa saa nane mchana kabla mvua hazijaanza, na lile vumbi, halafu uje uandike tena. Unatusikia mwezi wa saba tu ndiyo maana.

Dada wa vikombe, nanasi unaliweka bichi au unapika kwanza?

#5 Ticha Kemia
Swali la #4 ndilo lenyewe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kazi yake kukatakata protini. Jelatini ni protini. Ukiweka nanasi bichi kwenye jeli ya jelatini, hata uiache kwenye friji wiki nzima haigandi. Papai ni hivyo hivyo, lina papaini, ndiyo maana mama zetu wanalainishia nyama. Kiwi pia. Pasheni halina tabia hiyo. Dawa yake ni kulichemsha nanasi dakika kadhaa, kimeng'enya kinakufa kwa moto. La kopo halisumbui kwa sababu limeshapikwa kiwandani.

Kuhusu kastadi kulegea, maziwa nayo yana protini, na maji ya nanasi yakishuka huko yanaendelea na kazi. Onja hiyo kastadi kesho yake, utasikia uchungu kwa mbali.

#6 Ngoja Waje
Uzi umefungwa. Kwaheri.

#7 Vikombe vya Kabwe
Asante ticha, lakini haujafungwa. Siweki bichi. Nalikata, nalisaga kwenye blenda, nachuja, natia sukari, naweka jikoni. Likianza kutokota natoa, nakoroga unga wa jeli humo humo. Halafu nimempigia mdogo wangu sasa hivi, yeye ndiye anaweka bichi! Vipande anavipanga juu ya kastadi, anamwagia jeli.

#8 Ticha Kemia
Hapo umenipa mtihani. "Likianza kutokota" ni mapovu ya pembeni au limechemka lote? Juisi ikitolewa mapema kimeng'enya kinaweza kubaki na nguvu. Na unaweka moyo wa nanasi au unautoa? Sehemu ile ngumu ya katikati inacho kingi.

Lakini la mdogo wako sina jibu, isipokuwa kama jeli yake siyo jelatini.

#9 Fundi Majokofu
Niwaambie kitu ambacho wapishi hamtaki kusikia. Friji mpya siyo friji ya baridi. Wateja wangu wengi wanapanga vikombe vya moto thelathini kwa mpigo, vimebanana, hewa haizunguki, halafu wanalaumu jeli. Friji inatakiwa kukaa nyuzi 4 au 5. Nunua kipimajoto kidogo, kitumbukize kwenye glasi ya maji humo ndani, kisome asubuhi kabla hujafungua kwa mara ya pili.

Pili, umeme. Ukikatika usiku hujui, umelala. Friji iliyofungwa inashikilia ubaridi kama masaa manne. Ukiifungua kuchungulia, muda huo unapungua. Na jelatini ikifika joto la chumba cha mchana inaanza kulegea, haitaki mchezo.

#10 Vikombe vya Kabwe
@Fundi Majokofu, kwa hiyo umeme unakatika kwenye vikombe vya nanasi tu, vya pasheni vilivyo pembeni yake unaviacha?

#11 Dar Mchana Kweupe
😂😂 Fundi kapigwa chenga.

#12 Fundi Majokofu
Vya pasheni viko rafu ipi? Juu karibu na friza au chini karibu na sanduku la mboga? Nijibu hilo kwanza ndiyo mcheke.

#13 Mlima Nyoka
Mimi naona mnazunguka. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Maji Kyela yanachemka karibu nyuzi 98, hapa kwetu ni nyuzi 94 tu. Kila mtu aliyepika maharage Uyole anajua. Kitu "kimechemka" Mbeya hakijaiva sawa na kilichochemka Kyela. Kastadi yako haiivi, jeli yako haiyeyuki sawasawa. Ongeza muda motoni.

#14 Ticha Kemia
Mkuu Mlima Nyoka, namba zako sawa, hitimisho nalipinga. Jelatini haihitaji kuchemka, inayeyuka kwenye maji ya moto ya kawaida, na ukiichemsha sana unaidhoofisha. Unga wa kastadi ni unga wa mahindi laini, na ule unaanza kushika kabla ya kufika huko. Ungekuwa na haki kama ni agari, ile watu wa Tanga na Zanzibar wanaita chaina grasi, nyuzi nyuzi au unga. Hiyo bila kuchemka kweli kweli haiyeyuki yote, na huku milimani lazima uipe dakika za ziada.

#15 Mlima Nyoka
Na unajuaje paketi yake siyo agari?

#16 Pwani Mpaka Mafinga
Hapo sasa! Nimeolewa Mafinga ila nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye hizi mambo. Dada, chukua paketi usome nyuma. Jeli nyingi za dukani siku hizi hazina jelatini kabisa, zimewekwa karajini, inayotoka kwenye mwani. Mwani wenyewe ni ule akina mama wa Paje na Jambiani wanaupanda baharini. Kwa sisi Waislamu ni nafuu pia, hakuna wasiwasi wa jelatini ya nguruwe.

Kama ni karajini, nanasi bichi haliigusi, kwa sababu siyo protini. Ndiyo maana mdogo wako anafaulu. Lakini karajini ina adui mwingine, nao ni kuchemshwa pamoja na kitu kikali. Ukiichemsha ndani ya juisi ya nanasi inakatika nguvu. Mdogo wako anaipika kwa maji matupu na tunda linakaa pembeni. Wewe unaipikia humo humo kwenye nanasi.

#17 Ticha Kemia
Hoja nzuri, mama. Ila pasheni ni kali kuliko nanasi, na ya kwake inaganda.

#18 Vikombe vya Kabwe
Pasheni siipiki. Naikamua, nachuja mbegu, naimimina jeli ikishapoa kidogo. Nikiipika inapoteza harufu.

Paketi nimesoma. Imeandikwa "viambato vya kugandisha" na namba. Haijasema ni nini.

#19 Pwani Mpaka Mafinga
Namba gani? Kama ni E407 ni karajini. E406 ni agari. Jelatini mara nyingi huandikwa kwa jina lake.

#20 Vikombe vya Kabwe
Pakiti iliyobaki imechanwa hapo hapo penye namba 🙈 Kesho naenda dukani.

#21 Mpishi wa Sherehe
Wote mnahangaika na jeli. Mimi nimeshika neno moja kwenye #1: kastadi imelegea. Jeli ikikataa ni jeli, kastadi inahusikaje? Nitauliza swali la aibu, mnisamehe. Nani anaonja? Na kijiko anakirudisha?

Mate ya binadamu yana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi kwenye kastadi iliyopoa, masaa machache tu ile kastadi nzito inakuwa maziwa. Jikoni kwangu nimeweka sheria: kijiko cha kuonjea kinakwenda kwenye karai la vyombo, hakirudi. Nina msaidizi aliyekuwa anaonja kila sufuria kwa kijiko kimoja mpaka mwisho, tukashangaa kwa nini kastadi za harusini zinakuwa juisi ifikapo keki.

#22 Binti Mwakaleli
Mungu wangu, na mimi nilikula kwenye harusi ngapi Mbeya hii.

#23 Dar Mchana Kweupe
Kumbe mnauziana mate.

#24 Vikombe vya Kabwe
Haonji mtu! Naonja mimi, kwenye kiganja. Msiniharibie biashara.

#25 Mpishi wa Sherehe
Sawa bibie, sijakushutumu. Basi jingine: kastadi unatia viini vya mayai?

#26 Vikombe vya Kabwe
Natia viwili, inapata rangi. Mdogo wangu hatii, mayai anasema bei imepanda.

#27 Mpishi wa Sherehe
Haya. Kiini cha yai nacho kina kimeng'enya cha kuvunja wanga, na kinavumilia joto. Kastadi yenye kiini lazima uirudishe motoni mpaka itoe mapovu mazito ya katikati, yale yanayopasuka "pwaa", na uendelee kukoroga dakika moja au mbili. Ukiitoa pale inapoanza kushika tu, inaonekana nzito jioni, asubuhi ni mchuzi. Na hapa nampa Mlima Nyoka nusu ya haki yake. Kwa nyuzi 94 huna nafasi kubwa ya kuzembea.

#28 Mlima Nyoka
Nusu siitaki, nataka yote.

#29 Mama Pasheni
Kamwene. Niko Njombe. Mimi jeli niliachana nayo zamani, naona mnajitesa. Chukua maziwa mazito ya kopo, yale matamu, mimina juisi ya pasheni au limao taratibu huku unakoroga. Yanakuwa mazito yenyewe mbele ya macho yako, bila moto, bila jelatini, bila namba za E. Ukali wa tunda unashikanisha protini ya maziwa.

Badala ya ile jibini laini ya supamaketi natumia mtindi. Nauweka kwenye kitambaa safi cha pamba, nafunga fundo, nauning'iniza kwenye mpini wa mwiko uliolala juu ya sufuria ndefu, nauacha mahali pa baridi mpaka asubuhi. Yale maji ya kijani kijani yanadondoka chini, kwenye kitambaa inabaki kitu unachoweza kukata na kisu. Maji usimwage, kandia chapati. Nachanganya mtindi huo na maziwa mazito, napaka tabaka juu ya biskuti, halafu pasheni na mbegu zake. Parachichi pia linakwenda vizuri humo, lililosagwa na limao, tabaka la kijani, wateja wanalipenda kwa macho kabla ya mdomo.

#30 Binti Mwakaleli
Mama, parachichi kwenye kitu kitamu sawa, Rungwe tunakunywa juisi yake kila siku. Haligeuki jeusi?

#31 Mama Pasheni
Limao la kutosha, na lisiwe tabaka la juu. Lifunikwe na krimu, hewa isiliguse.

#32 Kijana wa Ipogolo
Iringa tupo. Mimi natengeneza ile ya Kiitaliano, tiramisu, biskuti zinachovywa kwenye kahawa. Natumia kahawa ya Mbozi hapo Mbeya, harufu yake huachi. Wenyewe huko Italia wanaweka na pombe tamu kidogo. Nafikiria kujaribu ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

#33 Mtu wa Vwawa
Mbozi iko Songwe tangu 2016. Asante.

#34 Kijana wa Ipogolo
Kahawa ni ile ile mkuu.

#35 Mtu wa Vwawa
Kahawa ni ile ile, mkoa siyo ule ule.

#36 Mama Pasheni
Na sisi Njombe mpaka 2012 tulikuwa Iringa, wako watu bado wananiandikia mzigo "Njombe, Iringa". Kijana, ulanzi usithubutu. Unaendelea kuchacha hata ukiwa kwenye friji, utafungua mfuniko ukurukie usoni. Na ile tiramisu ya asili ina mayai mabichi. Kama unauzia watu, mayai ya kuokota bandani yasiyopikwa ni kesi ya tumbo.

#37 Dar Mchana Kweupe
Tiramisu ya ulanzi. Nimecheka mpaka dereva wa daladala kageuka.

#38 Ndizi Tukuyu
Mnasahau ndizi na mmekaa juu ya ndizi! Kuna ile ya Wamarekani, biskuti chini, karameli, ndizi mbivu, krimu juu. Haiokwi. Tukuyu tungeuza mpaka Dar.

#39 Pwani Mpaka Mafinga
Hiyo ni banoffee, na siyo ya Wamarekani, ni ya Uingereza. Ilianzia mgahawa mmoja kijiji cha Jevington, Sussex, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Za Wamarekani ni zile za kupanga biskuti na krimu na kuacha usiku kucha, zilishika sana miaka ya 1920 na 1930, masanduku ya barafu na friji yalipoingia majumbani.

#40 Ndizi Tukuyu
Ndaga fijo kwa somo. Karameli yake si ndiyo unachemsha kopo la maziwa mazito likiwa limefungwa?

#41 Mpishi wa Sherehe
Ndiyo, na ndiyo njia ya kupoteza dari. Kopo lazima lifunikwe na maji muda wote, masaa mawili na nusu mpaka matatu. Maji yakipungua likabaki uchi, linapasuka na karameli ya moto inaruka kama lami. Na lisifunguliwe likiwa la moto. Mimi nafungua kopo, namimina kwenye sufuria nzito, nakoroga kwa moto mdogo mpaka rangi ya chai ya maziwa. Mkono unachoka, dari linabaki.

#42 Mlima Nyoka
Na kwa Mbeya ongeza nusu saa. Nyuzi 94.

#43 Ticha Kemia
Mkuu umeoa hiyo 94.

#44 Binti Mwakaleli
Swali la krimu, sijaona mtu kagusa. Ya unga ya paketi inaacha mafuta juu ya ulimi. Maziwa yetu ya Rungwe yana utandu mzito, kwa nini tusipige ule?

#45 Mpishi wa Sherehe
Utandu wa maziwa yaliyochemshwa haupigiki, umeshashikana, unakuwa vipande vipande. Krimu ya kupiga inataka mafuta kuanzia asilimia 30 hivi na baridi kali. Bakuli na michapo ya mikisa vikae friza kwanza.

#46 Ndizi Tukuyu
Bibi yangu alikuwa anaacha maziwa mabichi usiku mzima kwenye beseni, asubuhi anaengua krimu ya juu. Ile inapigika, nimeona kwa macho.

#47 Pwani Mpaka Mafinga
Inapigika, ila ni mbichi. Homa ya kutupa mimba ya ng'ombe inaambukiza watu kupitia maziwa mabichi. Engua, ipashe moto karibu kuchemka, ipoze kabisa kwenye friji mpaka kesho yake, ndiyo upige.

#48 Mpishi wa Sherehe
Ukiipasha inapoteza uwezo wa kupigika.

#49 Pwani Mpaka Mafinga
Krimu zote za dukani zimepashwa mama, mbona hazijapoteza?

#50 Vikombe vya Kabwe
Narudi na mrejesho. Dukani paketi zipo aina mbili zenye picha ile ile ya nanasi. Moja E407, nyingine imeandikwa jelatini ya ng'ombe. Muuzaji anasema mzigo ulibadilika katikati, hajui lini. Kwa hiyo mdogo wangu huenda ana hii, mimi nina ile, au kinyume.

Na @Fundi Majokofu, kipimajoto nimenunua. Rafu ya juu nyuzi 5, ya chini nyuzi 11. Vya nanasi vilikuwa chini.

#51 Fundi Majokofu
😎 Nyuzi kumi na moja! Nimesema nini mimi posti namba 9? Mpira wa mlango huo, au umebananisha. Weka karatasi mlangoni, funga, ivute. Ikitoka kirahisi mpira umekwisha.

#52 Ticha Kemia
Nyuzi 11 jelatini bado inaganda, labda taratibu. Haiwezi kugeuka uji kwa hilo peke yake. Kimeng'enya.

#53 Pwani Mpaka Mafinga
Na kama ilikuwa E407, kimeng'enya hakimo kesini. Ni kuchemshia kwenye ukali.

#54 Mpishi wa Sherehe
Na kastadi? Viini.

#55 Mlima Nyoka
Nyuzi 94.

#56 Mama Pasheni
Mwanangu, unauza vya pasheni na vinaganda. Uza vya pasheni.

#57 Vikombe vya Kabwe
Mama, wateja wanataka nanasi! Jumamosi natenga makundi: paketi zote mbili, kila moja nanasi lililochemka na lisilochemka, kastadi yenye viini na isiyo na viini, na vyote rafu ya juu.

#58 Fundi Majokofu
Ukijaza vyote rafu ya juu utapata nyuzi 11 na huko juu.

#59 Dar Mchana Kweupe
Vitakavyoganda nitumie kimoja na basi la usiku, nalipia nauli.

#60 Binti Mwakaleli
Kitafika Dar supu. Panda basi uje, na sweta usisahau.